Kushuka Baiskeli Njia ya Masaba

Mpaka leo nikiona wanaume wazima wamevaa mashati yanayofanana, wamepanda baiskeli zisizobeba kitu, natamani kutema mate.

Kwetu Busia baiskeli hununuliwa ili ibebe. Inabeba gunia la mihogo, samaki kutoka upande wa Kenya, mgonjwa, hata bibi arusi. Lakini karani mmoja wa kinu cha pamba aliona picha ya Wazungu wakishindana kwa baiskeli, wameinama kama watu waliopoteza sindano, akaamua na sisi tufanye vivyo hivyo. Alijiita mwenyekiti, ingawa hakuna aliyemchagua. Alisema vijana sita tutazunguka kwa siku nne: Busia, Tororo, Mbale, Iganga, halafu nyumbani. Sheria ilikuwa moja. Mtu akikanyaga chini mahali pasipo kituo cha kupumzika, ameshindwa, na Jumapili atatajwa mbele ya kanisa zima.

Karani huyo alikuwa ameoa kijiji cha Masaba, binti mkubwa wa nyumba moja ya huko. Mimi nilikuwa nikimtaka mdogo wake. Shangazi yangu alikuwa amekwisha kupeleka neno, na wazee wa kule walikuwa bado wanashauriana. Kasoro yangu ilijulikana: sisemi. Mbele ya watu ulimi wangu unakauka. Kaka wa msichana, ambaye alimfuata karani kama mkia, aliniambia wazi:

"Shemeji, kama kweli utakuwa shemeji, nyumbani wananiuliza wewe ni mtu au ni kisiki. Njoo tuzunguke. Ukimaliza, mimi mwenyewe nitakusemea kwa baba. Ukishindwa, shangazi yako asihangaike tena."

Nikaingia kwa sababu hiyo tu.

Asubuhi ya kuondoka karani alitugawia mashati meupe, akavaa yeye filimbi shingoni. Alikuwa ametulazimisha kufungua karia zote za nyuma ili baiskeli ziwe nyepesi. Pale mpakani wanawake wa samaki walisimama kututazama.

"Nyinyi nakwenda wapi bila mzigo?" akauliza mmoja.

"Tunashindana, mama," karani akajibu kwa sauti ya mhubiri.

"Nashindana na nani?"

"Sisi kwa sisi."

"Sasa mbona nakwenda pamoja?" Wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu. "Wewe, kijana mrefu, ngoja basi nipelekee na hii beseni!"

Kijana mrefu nilikuwa mimi. Nilitazama usukani. Yule mama alikuwa na akili kuliko sisi sote sita.

Siku zile sina hamu ya kuzieleza sana. Tulikula vumbi hadi Tororo, tukalala sakafuni katika darasa, na karani akatuhutubia juu ya nidhamu huku akijikanda mapaja. Njiani kwenda Mbale mvua ilinyesha. Udongo uligandamana kwenye magurudumu, mnyororo wa karani ukachomoka, naye akabaki amesimama topeni kwa miguu yote miwili. Tukangoja tuone. Akapuliza filimbi.

"Kituo!" akatangaza. "Tunapumzika hapa."

Tangu hapo kila alipochoka palikuwa kituo. Penye mlima palikuwa kituo. Penye mzee anayeuza ndizi palikuwa kituo. Vijana wengine walimshukuru, wakamwita mwenyekiti mwenye huruma. Mimi mlima wa kutoka mtoni niliumaliza bila kushuka, nikageuka, nikawaona chini wamekaa kwenye majani wakimenya ndizi. Hakuna aliyetaka kuona.

Siku ya mwisho tungeweza kufuata barabara kubwa hadi Busia. Karani akataka tupitie Masaba. Alisema ni kukwepa malori, lakini alitaka kuonekana na watu wa ukweni akiwa na shati jeupe na vijana nyuma yake. Hilo peke yake lilikuwa aibu. Ukweni huendi kujionyesha.

Basi tukiwa tumekaribia ile nyumba, tukashuka mteremko mrefu, na chini nikaona mwanamke anakuja na kapu la dagaa kichwani. Nilimfahamu kabla sijaona uso. Alikuwa mama wa msichana.

Kwetu hilo halina mjadala. Ukikutana njiani na mama mkwe, au na mtu unayetaka awe mama mkwe, unashuka, unatoka njiani, unampa mgongo mpaka apite. Naye hufanya kama hakukuona. Mtoto wa miaka sita analijua hilo.

Nilidhani karani atapuliza filimbi. Alikuwa amepiga kituo kwa sababu ya ndizi, angeshindwaje kupiga kwa sababu ya mama wa mke wake? Alishika kofia, akaivuta mpaka ikafunika macho, akainama zaidi, akapiga kengele. Nyuma yake kaka wa msichana, mtoto aliyezaliwa na mwanamke yule, akapaza sauti:

"Mama, pisha!"

Mama akarukia mtaroni. Kapu likaanguka, dagaa wakamwagika kwenye murramu, ile changarawe nyekundu ya barabara, na magurudumu yakapita juu yao.

Mimi nilikuwa wa mwisho. Nilijua vizuri nikikanyaga chini ninapoteza nini. Nilikanyaga. Nikaingiza baiskeli kwenye mtama, nikasimama nimempa mgongo, vumbi lao linaniingia puani. Nilimsikia akizoa dagaa wake, anapuliza mchanga, anaguna. Sikuruhusiwa hata kumsaidia. Alichukua muda mrefu. Alipokwisha kupita ndipo nikatoka.

Wenzangu walikuwa wananingoja mbele, kwenye kituo kingine.

"Ameshuka!" kaka wa msichana akapiga kelele. "Nyumbani panaonekana, naye ameshuka! Nitamwambia baba nini sasa?"

Karani akanitazama kwa huruma ya uongo. "Kijana, mtu akiwa kwenye mashindano hana mkwe. Ile mila ni ya watembea kwa miguu."

"Wewe ulimwona?" nikamuuliza. Nadhani lilikuwa neno langu la kwanza kwake tangu Tororo.

"Sikumwona mtu," akasema, kofia bado imemfika kwenye nyusi.

Jumapili nilitajwa. Karani alisimama mbele na kusema watano wamefaulu na mmoja ameshindwa, na wale watano wakapigiwa makofi. Niliona kwamba habari ya msichana imekwisha.

Lakini mama yule hakuwa mtu wa kupiga makofi. Wiki ile wazee wa Masaba walimwita karani, wakamwambia asikanyage kwao mpaka alete mbuzi. Kijana wao, kaka wa msichana, walimnyima kuongea kwenye kikao cha ndugu zake. Kisha wakamtuma yeye mwenyewe, kwa miguu, aje kwetu na ujumbe mmoja. Alisimama mlangoni, hakutaka hata kuketi.

"Mama anasema yule aliyeingia kwenye mtama shangazi yake aje."

"Aje lini?" shangazi akauliza.

"Hata kesho," akasema, kama mtu anayeng'olewa jino.

Nilioa baada ya mavuno. Karani alikuwa amekwisha kulipa mbuzi wake, na kwa kuwa mimi na yeye tumeoa nyumba moja, mila ilimweka karibu nami siku nzima ya arusi. Anaitwa mwanyumba wangu sasa, na kila msiba na kila sherehe ya ukweni nitakaa naye mkeka mmoja mpaka mmoja wetu afe. Alikula paja la kuku la kwake na la kwangu, akajifuta mikono, akaanza kuwasimulia wageni jinsi alivyotufikisha Mbale.