Ramani Iliyoandikwa Mgongoni

Mwanangu, kabla hujasafiri kwenda ugenini, jua hili: aliyemcheka bibi yangu siku ile ni mimi. Miaka yote nimewaambia ndugu zangu kwamba alikuwa rafiki yangu wa chuo. Uongo. Rafiki yangu alikuwa anakula karanga tu.

Mimi na rafiki huyo tulikuwa tumekwenda kijijini kumpelekea bibi tarehe ya harusi yangu. Bibi akamwambia mgeni wangu, "Sisi ni wa Mhamvwa." Nami, msomi wa mwaka wa tatu niliyekwisha kuona ramani moja ya Wajerumani maktabani, nikacheka.

"Bibi naye! Ni Mpwapwa. Mjerumani aliandika Mpapua. Hiyo Mhamvwa yako haimo popote."

Bibi akaweka ungo chini.

"Ramani hiyo naijua kukuzidi. Iliandikwa mgongoni mwa baba yangu."

Enzi za Mjerumani, akasema, wanaume waliitwa bomani kubebeshwa mizigo, kila mmoja akaulizwa kwao. Baba yake akajibu Mhamvwa. Askari akamwamuru atamke Mpapua, kama bwana mkubwa alivyoandika. Akarudia Mhamvwa. Akalazwa kifudifudi, akapigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, bibi akiwa binti mdogo amesimama pale na kibuyu cha maji aliyomletea. Alipoinuliwa akaulizwa tena. Akasema Mhamvwa.

"Wao walihitaji kiboko," bibi akaniambia. "Wewe umewafanyia kazi yao bure. Harusini kwako siji."

Kwetu binti haondoki nyumbani bila bibi kumshika mkono. Nilirudi mjini na hasira, kwanza juu yake, kisha, nilipopata akili, juu yangu. Nikaandika barua nne. Kwa barua, msomi huyu hajambo.

Hasira hiyo haijaisha, na sasa inawaangukia ninyi mnaoshuka kwenye basi na kuwasahihisha watu jina la kwao. Uliza wenyewe wanapaitaje, useme hivyo hivyo, hata ulimi ukigoma. Kukosea si aibu. Aibu ni kucheka. Mungu akujalie masikio kabla ya mdomo, na akupe wenyeji wa kukupokea.

Siku tatu kabla ya harusi, simu ililia dukani kwa shangazi, mtaa wa Majengo kule mjini. Alikuwa bibi, yuko posta, anapiga kelele kama anaita ng'ombe.

"Nimesomewa barua zote. Tatu za mwanzo unajitetea tu. Ya nne umeomba radhi."

"Ndiyo, bibi."

"Basi mwambie shangazi yako aniandalie kitanda. Mkekani silali."