Anayeanza Vigelegele

Wiki iliyopita mwanafunzi wangu wa kidato cha pili aliniuliza maana ya neno "shrill". Nimefundisha Kiingereza hapa Nakuru miaka mingi, na neno hilo si geni kwangu. Nikamwambia ni sauti ya juu, nyembamba, inayochoma masikio. Akataka mfano. Nikampa filimbi ya refa. Mfano ulionijia kwanza ulikuwa mama yangu, lakini huo niliumeza.

Niliumeza kwa sababu nazijua tabia za neno hilo. Ukilitumia kwa filimbi au kwa ndege, halina ubaya. Ukilitumia kwa mwanamke, hasa anayelalamika, linakunja pua. Sijawahi kuona Mwingereza akimsifu mtu nalo. Kwetu Bondeni, mtaa niliokulia, sauti ya namna hiyo ilikuwa mali.

Tuliishi kwenye nyumba za kanjo, zile za kupanga za baraza la mji, milango ikitazamana, bomba la maji katikati. Jioni, tukiwa tumetawanyika hadi karibu na reli, mama alikuwa akisimama mlangoni na kutoa mlio mmoja, bila kuita jina la mtu. Hatukungoja wa pili. Watoto wa majirani nao walikimbia kwao, hata wasio na kosa. Wazee waliostaafu reli walimtania kwamba king'ora cha kiwanda kikiharibika, ataandikwa kazi yeye.

Ila sauti hiyo ilikuwa na kazi yake ya heshima. Mtoto mchanga akiletwa kutoka hospitali, wamama walisimama nje wakimngoja mama yangu. Yeye ndiye aliyeanza vigelegele, na hakuna aliyemtangulia, hata waliomzidi umri. Alivuta pumzi, akaweka mkono mdomoni, sauti ikapanda mpaka unadhani mabati yatang'oka. Ndipo wengine wakadakia. Kabla ya hapo, mtoto hakuvushwa mlango.

Mwaka jana mama alifanyiwa upasuaji wa koo. Goita ilikuwa imekua hadi inambana pumzi. Alipona, tunamshukuru Mungu. Sauti ya kuongea ilirudi, nzito kidogo. Ile ya juu haikurudi. Hakuitaja, nasi hatukumuuliza.

Kisha binti yangu akajifungua, na mtoto akaletwa nyumbani kwangu Kiamunyi. Ndiye kitukuu wa kwanza wa mama. Wamama wa kanisani, pamoja na wachache tuliotoka nao Bondeni, walikuwa wamejipanga kwenye geti. Binti yangu akashuka garini na mtoto kifuani. Wote wakamgeukia mama. Niliogopa, sitaficha. Niliogopa atajaribu na sauti imwangushe mbele ya watu, na niliogopa zaidi kwamba hatajaribu kabisa.

Alijaribu. Aliweka mkono mdomoni, akavuta pumzi, ikatoka hewa na mkwaruzo. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyemsaidia pia, maana hiyo ingekuwa kumnyang'anya. Binti yangu akamhamishia mtoto mkono wa pili. Mama akanishika kiwiko.

"Anza wewe," akasema. "Mimi hiyo sauti iliisha."

Nikamwambia siwezi, sauti yangu ni ya darasani tu. Hakubishana nami, alinisukuma mbele kidogo. Nikaanza. Ilitoka chini, imejaa aibu, kama mtu anayeita kuku. Mama akatikisa kichwa na kuelekeza kidole juu.

"Panda," akasema. "Bado. Panda."

Nikapanda mpaka machozi yakanitoka. Sijui yalikuwa ya kukaza koo au ya kuikumbuka ile sauti ya mlangoni, ambayo sitaisikia tena. Natamani niisikie, hata iwe ya kunigombeza. Huko juu sauti yangu ikapasuka, na papo hapo wamama wakadakia, binti yangu akapita katikati yao na mtoto akaingizwa ndani. Watu wote wakamfuata. Nilipogeuka, mama alikuwa bado amesimama kwenye geti, mkono wake ungali mdomoni.