Msumeno uliounguruma bure ili meta isome saa nyingi

Wakuu, salaam zenu.

Mimi ni mzee, akaunti hii kanifungulia mjukuu wangu, na kwa umri huu sina ninachopata kwa kuwadanganya.

Nimesoma humu kijana anasifia mashine kwa sababu "meta inasoma saa nyingi, ni mchapakazi". Nimecheka mpaka kikohozi kikanishika.

Enzi za Ujamaa nilikuwa naendesha msumeno wa injini kwenye kijiji kimoja upande wa Isikizya. Tuliletewa kwa kazi moja tu: kupasua mbao za paa la zahanati. Kuta zilishasimama.

Mke wangu, Mwajuma, alikuwa na mimba ya pili. Mtoto wa kwanza alitufia kwenye mkokoteni wa ng'ombe, njiani kwenda Tabora mjini. Kwa hiyo lile paa kwangu halikuwa siasa.

Sasa, kwenye injini kulikuwa na kidirisha chenye namba. Ndiyo meta, inahesabu saa ambazo injini imewaka. Fundi aliyeileta, mzee mmoja wa mtaa wa Chemchem, Tabora mjini, alinielekeza: kila saa hamsini, mwaga oili, weka mpya. Kazi ya meta ni hiyo, basi.

Mwenyekiti wetu akaiona.

Mtu huyu plagi hakuijua, lakini namba alizipenda kuliko wanawe. Mbao zangu za kwanza, mninga safi kabisa, akaamuru ziunganishwe ziwe ubao mpana mbele ya ofisi. Kila Jumamosi anaandika kwa chaki saa ambazo kijiji "kimefanya kazi". Watu makofi!

Mara ikasikika kijiji jirani wana injini ya kusaga, na saa zao zimetupita. Loh! Ikatoka amri: msumeno uwashwe asubuhi, uzimwe jioni, magogo yawepo yasiwepo.

Nikamfuata.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Injini inaunguruma bure, na oili mpya hatuna."

"Marahaba. Kwani namba haipandi?"

"Inapanda."

"Sasa unataka nini tena?"

Nikaenda kuwasha. Mnicheke tu, nami nilikuwa mjinga mwenzake. Siku zile kumkatalia mwenyekiti ilikuwa kujitafutia jina la mhujumu.

Haikuchukua muda injini ikakaza kwa oili chakavu, ikafa. Yule fundi wa Chemchem akaitwa. Akasoma meta, akageuka kutazama rundo la mbao. Zilikuwa kumi na moja.

"Saa zaidi ya mia tatu," akasema. "Mbao ziko wapi?"

Mwenyekiti akamwonyesha ubao wake wa chaki! Mzee wa watu akakusanya spana zake, akaondoka.

Wiki ile ile akaja mgeni kutoka wilayani. Msumeno ukavishwa maua, Mwenyekiti akasoma saa, mgeni akapiga makofi. Hakuna aliyeomba uwashwe. Maiti ya injini ikapongezwa kwa uchapakazi.

Zahanati tukaiezeka nyasi harakaharaka kwa fito.

Mwajuma akashikwa na uchungu mvua inamwagika, na paa linavuja juu ya kitanda chenyewe. Mkunga akapiga kelele, "Mfunikeni jamani, mtoto anakuja!"

Nikakimbia ofisini, nikang'oa ule ubao. Mwenyekiti alikuwa mlangoni, akanitazama tu. Mimi na shemeji yangu tukaushika juu ya mke wangu mpaka mikono ikafa ganzi. Chaki ikayeyuka, saa zote za Mwenyekiti zikanitiririkia kwapani.

Mtoto akalia. Ndiye mama wa huyu mjukuu aliyenifungulia akaunti.

Nilichojifunza ni kimoja: mtu akikuonyesha namba, mwambie akuonyeshe mbao.

Haya, najua maofisini kwenu wenyeviti wa hivi bado wamejaa. Semeni, wenu anaandika nini ubaoni?