Karata ya Msafiri

Wakati wa vita vya Maji Maji mume wangu alikuwa amepanda Kipatimu, huko Umatumbi, kununua mpira wa msituni, akakwama. Kilwa tulibaki wawili nyumbani, mimi na mama yake, tukisikia tu kwamba askari wa Mdachi wanachoma vijiji vya Umatumbi. Yu hai au amekufa? Hapakuwa na mtu wa kumwuliza. Nilikaribia kupasuka.

Marehemu baba yangu alikuwa mpiga ramli. Nukta zake nilizijua, lakini mama mkwe haoni kitu katika nukta. Mfa maji haachi kutapatapa: nikachukua karatasi ngumu iliyokuwa ndani ya jora la kaniki, nikakata vipande kumi na sita, kimoja kwa kila umbo la ramli, nikachora karata zangu mwenyewe. Njia, Kisima, Ghala, Adui mwenye bunduki. Wino ulikuwa masizi na gundi. Watu niliwachora bila nyuso, maana baba alinionya kwamba mchora uso ataambiwa siku ya Kiyama autie roho, na mimi roho moja tu ilikuwa imenishinda. Msafiri peke yake nilimchora kwa zafarani, nikampa mzigo kichwani na mguu wa kushoto uliokosa kidole, ili ajulikane ni nani.

Kila asubuhi nilizitandaza mkekani. Nisiseme uongo: mara nyingi alitokea Adui, nami nikamsukuma chini ya goti, nikamchomoa Msafiri.

"Anarudi, mama."

Bibi wa watu analia, kisha anakunywa uji kidogo. Mimi uji haukunipita kooni.

Siku moja natoka kisimani, namkuta na bakuli mapajani. Karata ya Msafiri imelowa chapachapa, haina kitu. Ameiosha, na maji yale ya manjano anayanywa, kama tunavyokunywa kombe la aya zilizoandikwa kwa zafarani.

"Mama! Hiyo si dawa! Nimechora mimi, na siku zote hizi nakudanganya!"

"Najua, mwanangu," akasema. "Ukificha, goti lako hutetemeka."

Nilikasirika. Kisha nikamwuliza kama amenibakishia. Akanisogezea bakuli, nikanywa yote.