Mazoezi ya Siku Kumi kwa Asubuhi Moja

Sijawahi kuwa mtu wa kutulia. Hata kanisani mke wangu hunishika goti ili nisipigepige mguu chini. Ndiyo maana nilicheka mama wa hospitali aliponiambia kwamba dawa ya mgongo wangu ni kulala chali.

Mgongo ulikuwa ukiniuma tangu msimu uanze. Naendesha lori kubwa la kubebea mawe mgodini, hapa Kolwezi. Nakaa kwenye kiti kutwa nzima, kisha nashuka na kukimbilia uwanjani, kwa kuwa mimi ni winga wa kulia wa timu yetu ya madereva. Mama yule, ambaye kazi yake ni kunyoosha viungo vya watu, alinisimamisha kando ya ukuta akanitazama ubavuni.

"Tata, kiuno yako inainama mbele, matako inabaki nyuma. Kiti ya kamyo njo inafanya vile."

Wenzangu walikuwa wakiniita bata kwa mwendo huo. Sikujua kama una matibabu.

Akanifundisha kulala chali, magoti juu, na kukandamiza mgongo wa chini mpaka mkono usipite chini yake. Kisha kuinua makalio polepole na kuyashusha polepole zaidi. Mwisho kupiga goti moja na kusukuma nyonga mbele hadi paja livutike. Dakika kumi, kila siku.

"Usirundike, tata. Kidogo-kidogo."

Kidogo-kidogo! Baba yangu alikuwa njiani kutoka Musumba. Hakuwahi kuniona nikicheza, barabara ilimshinda miaka yote. Sasa, mzee mzima, alikuwa amepanda lori la mizigo, juu ya magunia ya mihogo, ili awahi fainali ya Jumapili. Nilikuwa na miaka thelathini na sita. Fainali nyingine ningeitoa wapi?

Sisi wa mgodini hufanya kazi siku kumi mfululizo, ndipo tunapumzika. Mambo yote ya nyumbani hungoja mapumziko: paa linalovuja, matanga, ugomvi na shemeji. Nami mazoezi nikayaweka humo humo. Siku kumi sikulala chali hata mara moja. Jumamosi, siku yangu ya kwanza ya kupumzika, nilitandika mkeka uani nikafanya ya siku zote kumi.

"Weye, utavunjika," mke wangu alisema.

Masikio nilikuwa nimeyatia pamba. Jasho lilinitiririka nikafurahi, maana kazi isiyotoa jasho mimi siihesabu kuwa kazi.

Jioni mapaja yalikakamaa. Jumapili asubuhi nilivalishwa soksi na mke wangu.

Kocha aliniona nikishuka kwenye pikipiki kwa shida, akampa mtu mwingine jezi yangu bila kuniuliza neno.

Nikakaa kwenye benchi pembeni mwa uwanja, baba kando yangu, vumbi la safari bado limo kwenye kola yake. Nilimweleza yote haraka haraka: kiti, kiuno, mkeka. Nikamwapia msimu ujao. Nikainuka, nikakaa, nikainuka tena. Akanishika mkono.

"Tulia, mutoto. Mi nilikuya kukuona. Niko nakuona."

Kisha akageukia mpira, akauliza ni timu ipi iliyo yetu. Heri angenitukana.