Mkono wa Kulia wa Baba

Baba yangu alikuwa fundi seremala siku sita na mpiga kinanda siku moja. Vitanda vingi vya mtaa wetu pale Nachingwea alivitengeneza yeye, na Jumapili aliketi mbele ya kinanda cha kukanyaga walichotuachia mapadri wa kizungu, akaiongoza kwaya nzima kwa vidole vilivyojaa makovu ya patasi. Nilikuwa binti wa miaka kumi na miwili alipopata kiharusi. Akili ilibaki nzima, lakini upande wa kushoto ulikufa: mkono, mguu, na nusu ya tabasamu lake.

Randa haisukumwi kwa mkono mmoja. Karakana ikafungwa, mbao zikaliwa na mchwa, na mama akabaki na shamba la korosho peke yake. Kwa miezi mingi baba alishinda barazani akiwatazama kuku. Kisha Jumamosi moja akaniita, akaniambia nimpe bega, tunakwenda kanisani.

"Kaa hapo kushoto," aliniambia tulipofika kwenye benchi la kinanda. "Kidole kimoja hakivunji chawa. Mimi nitapiga kulia, wewe utapiga kushoto."

Ndivyo nilivyojifunza kinanda, au tuseme nusu ya kinanda. Yeye alipiga sauti ya kwanza na ya pili, mimi ya tatu na besi. Mguu wake wa kulia ulikanyaga pedeli ya kulia, wangu wa kushoto ulikanyaga ya kushoto, na tusipopokezana vizuri kinanda kiliishiwa pumzi katikati ya wimbo. Do, re, mi aliniandikia kwa penseli yake bapa ya useremala. Mkono wenyewe wa kushoto ulikuwa mzito kama wa kuazima, maana ndio ule ambao bibi aliuchapa tangu nikiwa mdogo kila nilipothubutu kupokelea hata karanga. Wiki za mwanzo nilipiga kama mtu anayetwanga kisamvu. Baba hakunikaripia. Nilipokosea aligonga goti langu kwa goti lake, tukaanza upya.

Baada ya mwaka tulikuwa tunapiga misa nzima. Waumini wageni hawakujua kama ni watu wawili mpaka wageuke watuone. Nilifurahi, sitaki kuwa mnafiki. Nilijisikia mtu.

Lakini mimi nina kichwa kigumu, na ubishi wangu haukungoja nikue. Siku moja wenzangu wa darasani walinifuata kanisani baada ya masomo, wakataka niwapigie wimbo. Nikawapigia ile nusu niliyokuwa nayo. Walicheka hadi wakashika matumbo.

"Hicho kinanda au unafukuza nguruwe shambani?" mmoja aliuliza.

Jioni ile nilimwambia baba anifundishe na mkono wa kulia. "Wa kulia nipo mimi," alijibu. Baada ya mwezi nikamwomba tena, jibu likawa lilelile. Mara ya tatu nilishindwa kujizuia. Nilimwambia, "Kwani baba wewe utaishi milele?" Mama aliacha kuchambua mboga. Baba alinitazama, kisha akarudi kuwatazama kuku wake. Sikuomba radhi. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilijiona nina haki.

Likizo ya Desemba nilipelekwa kwa shangazi, Ruangwa, kusaidia kuokota korosho. Asubuhi tuliinama chini ya mikorosho tukizinyonga korosho kutoka kwenye mabibo, mchana nilikuwa huru. Kanisa la pale lilikuwa na kinanda kidogo cha umeme kilichotumia betri ya gari, na mke wa katekista ndiye aliyekipiga. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu. Alicheka kidogo, akasema, "Njoo kila siku, ila ukanawe kwanza utomvu wa mabibo."

Mkono wa kulia ulijifunza upesi kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa nilikuwa nimeusikia ule wa baba ukipiga sikioni mwangu miaka miwili. Kazi ilikuwa kuiunganisha mikono. Kila mmoja ulitaka kwenda njia yake, na nilipouangalia mmoja, mwingine ulipotea. Nililia kwa hasira zaidi ya mara moja. Wiki ya Krismasi nilimaliza wimbo mzima peke yangu, mikono miwili, bila kusimama. Niliurudia toka mwanzo kwa furaha. Baba nilimkumbuka, ndiyo, lakini nilimkumbuka kwa kufikiria nitakavyomwonyesha.

Shule zilipofunguliwa nilirudi Nachingwea, sikumwambia mtu. Jumapili ya kwanza nilitangulia kanisani. Baba aliponifikia, akiburuta mguu na fimbo yake, alinikuta nimekaa katikati ya benchi.

"Leo pumzika, baba," nilimwambia. "Nitapiga mwenyewe."

Alienda kuketi nyuma ya wanaume wa besi. Nilipiga misa yote. Nilikosea mara mbili tu, na baada ya misa wanakwaya walimzunguka baba wakimpa mkono: hongera, mzee, umepata wa kukupokea. Alitabasamu kwa ile nusu iliyobaki.

Jumapili iliyofuata hakukaa na kwaya, alikaa na wazee mlangoni. Ile ya tatu alisema mguu unamuuma. Kabla ya Kwaresima alikuwa haendi kanisani kabisa, na mimi nilijidanganya kwamba ni mguu.

Mama ndiye aliyenifumbua macho, tukiwa tunapalilia. Hakuwa mtu wa kuzunguka.

"Baba yako alikuwa anataka nimpigie pasi shati la Jumapili tangu Alhamisi," alisema. "Siku sita alikuwa mgonjwa. Ile moja alikuwa mpiga kinanda. Sasa umemwachia nini?"

Nilikaa chini pale pale kwenye tuta. Aibu niliyoisikia siku ile bado ninayo. Kumwambia neno la kuuma ni jambo moja, neno husamehewa. Mimi nilikuwa nimekaa mahali pake, na nikashangiliwa.

Nilimwomba msamaha, akasema hakuna kosa. Nilimwomba aje Pasaka tupige pamoja kama zamani. Alikataa. Nilimbembeleza wiki tatu, nikamwambia mkono wangu wa kulia umechoka, uongo ambao hata kuku wake wasingeuamini. Mwishowe akakubali, na Alhamisi ile mama alipiga pasi lile shati.

Pasaka kanisa lilijaa hadi uani. Nilikaa mwisho wa benchi, kushoto kabisa, nikamwachia nafasi yake. Mwalimu wa kwaya akanyanyua mkono. Nilianza kwa ile sauti ya tatu na besi, mguu mmoja kwenye pedeli, nikingoja. Baba aliinua mkono, akauweka juu ya vibao vya kinanda. Vidole vilikaa mahali penyewe hasa, kila kimoja kwenye nota yake, lakini havikubonyeza. Sijui kama nguvu ilikuwa imeondoka ndani ya miezi ile, au kama aliamua tu. Sikupata kumuuliza, na mvua zilipokwisha tulimzika.

Besi ikaendelea peke yake, bum, bum, mstari wa kwanza, mstari wa pili. Kwaya haikujua iingie wapi. Watu wakaanza kugeuka. Niligonga goti lake kwa goti langu. Akanisogelea sikioni.

"Piga yote, mama," alisema. "Watu wanangoja."

Mkono wake ulikuwa bado juu ya vibao, na mimi nilihitaji vibao vile. Ikabidi niushike, niuondoe, niuweke juu ya paja lake. Kisha nikasogea katikati, nikapiga.