Zamu ya Generosa

Katika besiboli, kitu kilichokuwa kikimpandisha Generosa hasira ni banti. Mpigaji anasimama, uwanja mzima unamtazama, halafu badala ya kuzungusha gongo kwa nguvu zake zote, anaugusa mpira tu udondoke miguuni pake. Yeye anatolewa, 'out', anarudi benchi. Mwenzake aliyekuwa kituoni anasogea mbele. Wenyewe wanaiita kujitoa kwa ajili ya timu. Generosa aliiita ujinga.

Kila Jumapili baada ya misa alimpeleka Mama kwa Irene, mdogo wake, kule Roseville, wakaangalia mechi mbele ya bakuli la senene waliotoka Bukoba. Geofrey, mume wa Irene, aliwajua vijana wote wanaokuzwa kwenye timu za chini, nani ana jicho, nani ana papara.

"Huyu wa miaka ishirini na moja, shemeji, mkono wake si wa kuchezea," alisema. "Wamwache apige."

"Timu kwanza," Irene alijibu. "Banti moja inashinda mechi."

"Timu kwanza! Na yeye je?" Generosa alifoka, na Mama, ambaye siku hizi hakumbuki hata alichokula asubuhi, alicheka kwa kuwa wao wanagombana.

Dada wawili hao walikuja Minnesota, Marekani, kusoma, miaka ishirini na tatu iliyopita. Ada ikaja kutosha mmoja tu. Hakuna aliyemwamuru Generosa. Ni kifungua mimba tu, na kwao kifungua mimba hangoji kuambiwa. Aliacha uuguzi mwaka wa pili, akaingia kufua mashuka ya hoteli Bloomington. Irene akawa mfamasia. Mama alipoanza kusahau, akaletwa, akakaa kwa Generosa, ghorofa ya tatu pale mtaa wa Phillips.

Mwaka huu, akiwa na miaka arobaini na sita, Generosa alipata tena nafasi ya chuo. Masomo yangeanza Septemba. Irene alimwahidi mbele ya Mama: "Mwisho wa Julai Mama anahamia kwangu. Sasa zamu yako, dada." Hawakuandikishana. Waliotoka tumbo moja wanaandikishana nini?

Basi Jumapili ya mwisho ya Julai alifika na masanduku mawili ya Mama kwenye buti ya gari. Hakuyateremsha, alingoja mechi iishe. Duru ya saba, mwenzake akiwa kituoni, yule kijana akaingia kupiga. Akapiga banti.

"Wamemharibu mtoto wa watu!" Generosa aliruka kitini. Akamgeukia Geofrey amuunge mkono, kama siku zote. Geofrey alikuwa anamtazama mkewe.

Irene alipunguza sauti ya televisheni. "Dada, Geofrey amepata kazi Seattle. Tunahama wiki ijayo."

"Na Mama?"

"Mwaka mmoja tu. Tukitulia tutamchukua. Chuo hakikimbii, dada."

"Mlijua lini?"

"Tangu Mei," Geofrey alisema, macho kwenye bakuli la senene.

Kwenye televisheni kijana alikuwa amerudi benchi, wenzake wanampigapiga mgongoni kumsifu. Generosa alimwonea uchungu. Angeweza kukataa. Angeweza kuleta masanduku, akayaweka katikati ya sebule, akaondoka zake. Lakini Mama naye angebaki pale katikati ya maboksi ya watu wanaohama, akiuliza ni kwa nani hapa.

"Ni out moja tu, dada," Irene alisema taratibu, akijaribu utani wao wa zamani.

"Kwako ni moja," Generosa alisema. "Yeye hiyo ndiyo ilikuwa zamu yake."

Akamvalisha Mama viatu.

Pale Phillips lifti ilikuwa mbovu. Alipandisha masanduku kwanza, moja moja, akarudi kumshika Mama mkono. Kwenye ngazi ya pili Mama alisimama kupumzika, akamtazama, akampapasa shavu.

"Irene mwanangu," alisema, "Mungu akubariki. Wewe ndiye unayenihangaikia. Yule dada yako hata kuja kunisalimu haji."

Generosa alimshika kiwiko.

"Atakuja, Mama," alisema. "Inua mguu."